Karatasi za Kufungia Ndagala

Nianze na mashine, maana ndiyo iliyotuponza. Niliinunua ikiwa tayari imechoka, nikaiweka katika chumba kimoja karibu na soko la Rumonge, mahali ambapo watu hupaita sekretaria. Nachapa barua za kuomba kazi, nadurufu vyeti, natengeneza kadi za harusi. Umeme ukikatika karatasi ikiwa ndani, hutoka na mstari mweusi katikati, na mteja haitaki. Lakini kwetu karatasi haitupwi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, zote zilizoharibika nampa mama mmoja anayekaanga ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza kando ya barabara kule Minago.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ni fundi wa mitumbwi na alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti. Yeye ndiye aliyenilea. Alinifundisha kusoma kwa Biblia ya Kirundi, kidole chake chenye lami kikitambaa chini ya maneno, na lami hiyo ingali kwenye Zaburi mpaka leo. Nilipokuwa sekondari nilimletea nyumbani kisa cha yule mtawa wa Ujerumani aliyebishana na wakubwa wa kanisa lake. Alinitaka nimsimulie mara nyingi huku akiziba nyufa za mitumbwi. Mtawa mwenyewe hakumshangaza sana, maana wabishi aliwajua, naye alikuwa mmoja wao. Aliwapenda wachapaji wa maandishi ya mtawa huyo, watu wenye mikono ya wino ambao hawakuhubiri hata siku moja, na bado wafalme walikosa usingizi kwa ajili yao. Nadhani nilifungua sekretaria kwa sababu ya kisa hicho.

Kanisani kwetu, mahubiri yakiisha, mchungaji husoma matangazo. Zamani yalikuwa ya wagonjwa na ndoa. Kidogo kidogo yakaingia ya serikali: mkutano fulani, kazi fulani, kila mtu afike. Mwishowe yakaja majina ya wasiofika, yakisomwa pale pale kwenye mimbari, na wenye majina wakiinamisha vichwa mbele ya watoto wao. Kanisa linaishi kwa kibali, na aliyekupa kibali anaweza kukunyang'anya. Nilimwelewa mchungaji, na nilimdharau vilevile.

Baba mdogo akaandika kurasa mbili. Mimbari ni ya Neno, aliandika, serikali ina ofisi yake na mlango wake. Kila mmoja afungue Biblia yake ajisomee kama nimesema uongo. Alitaka kuwapa wazee wenzake kwanza, mkononi, kwenye kikao chao cha Jumamosi. Hilo alilishikilia sana. Kwetu jambo la nyumba halitoki nje kabla wenye nyumba hawajalisikia, na akilitanguliza nje hakuna atakayesimama naye.

Nilizichapa Alhamisi. Umeme ulikatika mara mbili. Zilizoharibika nikaziweka pale ninapoziweka siku zote, bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Ijumaa mama wa ndagala akapita nikiwa posta, akachukua rundo lake kama kawaida. Kufikia mchana maneno ya baba mdogo yalikuwa yanauzwa Minago na pilipili juu yake. Mtu mmoja wa ofisi ya serikali alinunua, akala, akapangusa vidole, akasoma.

Jumamosi asubuhi watu wa serikali walimchukua baba mdogo kutoka kwenye mtumbwi, randa ikiwa mkononi, kabla ya kikao. Walisema anachochea watu. Alipoulizwa nani alimchapia, alisema ni mtu wa Bujumbura asiyemjua. Nami nilinyamaza. Niliogopa, na sina jina jingine la kuliita jambo hilo. Wale wazee, ambao wawili au watatu kati yao wangemuunga mkono, walisema amewazunguka, amelitupa jambo la kanisa sokoni pamoja na samaki. Yule mtawa alifichwa na mtawala ndani ya ngome. Baba mdogo alikuwa na wazee hao tu.

Kwa miezi miwili nilimpelekea kizuizini ugali wa muhogo na ndagala, katika sahani yenye kifuniko. Kila mara nilikwenda nimejiandaa kusema, na kila mara yeye aliulizia mtumbwi alioacha bila kumaliza, kama mbao zinapasuka kwa jua. Nilijibu habari za mbao.

Kisha mchungaji akaja sekretaria. Alinisalimu amahoro, yaani amani, akaniuliza hali kwa upole, akanipa ukurasa mmoja. Uliandikwa kwamba baba mdogo amepotoka, anaomba msamaha kwa kanisa na kwa wakubwa. Chini palikuwa na sahihi, na niliijua, ni mkono ulionifundisha herufi. Mchungaji alitaka nakala za kila tawi la pwani, kuanzia Magara hadi Minago. Zikisomwa Jumapili, Jumatatu angetoka.

Nilichapa. Umeme haukukatika. Siku hiyo mashine haikuharibu hata karatasi moja.

Alitoka Jumatatu kweli, amekonda. Uzee wa kanisa walimvua. Siku hizi hukaa benchi la nyuma, Biblia imefungwa mapajani, akisikiliza matangazo mpaka jina la mwisho. Nilistahimili wiki tatu, kisha nikamfuata ufukweni nikamwambia yote: lile rundo la Ijumaa, mama wa Minago, na kunyamaza kwangu. Nililia, sikuona haya. Yeye aliendelea kupachika pamba katika ufa, akiigongea polepole.

"Ile ya kuomba musamaha," akasema mwishowe, "ni wewe ulichapa?"

"Ni mie, baba mudogo."

"Ilitoka muzuri. Iko safi, haina mustari."

Akaniomba nimsogezee kopo la lami.