Tundu la Nne kwenye Kinanda cha Petro

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa waya tulikuwa watu watano. Nawataja wote, maana wengine hawapo tena wa kujitaja. Alikuwepo Zuhura Kombo, mtoto wa mama yangu mdogo wa Mazingara, ndiye aliyenitoa kwetu Kwaluguru akanileta huku upande wa Hale kwenye mkonge. Alikuwepo Agnesi Bukuru, Muha aliyezaliwa kambini; baba yake aliletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, wale walioitwa manamba. Alikuwepo Nyapara Shemdoe, Msambaa, msimamizi wetu, mjomba wake Rajabu ambaye baadaye alinioa. Alikuwepo Petro Bukuru, kaka yake Agnesi, fundi wa visu vya korona. Wa tano ni mimi, Mwanaidi Sefu, darasa la nne, miguu peku, kanga ya kuazima.

Nyapara Shemdoe alinitazama toka chini hadi juu akamwambia Zuhura, "Huyu umemleta kufanya kazi au kufanyiwa?"

Zuhura akajibu, "Mzee, mpe waya moja tu. Akishindwa, nipe na yake."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sasa wajukuu zangu mnapita na pikipiki pale kwenye magofu hamjui hata palikuwa na nini, basi nawaeleza. Majani ya mkonge yakikatwa shambani yalikuja kwa toroli juu ya reli ndogo mpaka kwenye korona, ile mashine kubwa yenye ngoma ya chuma inayozunguka. Ngoma ina visu butu pembeni. Visu havikati, vinaparua. Vinaondoa nyama ya jani na maji yanaisukuma kwenye mfereji, zinabaki singa, yaani nyuzi, mbichi, za kijani, nzito kama nguo iliyoloa. Sisi wanawake tulizibeba begani mpaka uwanjani, tukazitupa juu ya waya, tukazitandaza kwa vidole zisishikane, na jua likishapiga upande mmoja tunageuza. Singa ikiachwa siku mbili bila kugeuzwa inapata doa, na doa halitoki hata kwa brashi.

Maji ya mkonge yanawasha. Wiki ya kwanza nilijikuna mpaka nikatoka damu. Nililia nikiwa naanika, na hapo ndipo nilipomsikia Petro.

Saa sita mchana korona ilizimwa ioshwe na visu vitazamwe. Ikinyamaza, masikio yanabaki yanavuma. Petro alimaliza visu vyake, akakaa juu ya toroli lililopinduliwa, akatoa mfukoni kinanda cha mdomo. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, matundu kumi, ndani yake ndimi nyembamba za shaba zinazotetemeka ukipuliza au ukivuta pumzi. Watoto wa kambini walikuwa navyo vya bati, vinapiga kelele tu. Cha Petro alipewa na Fundi Mkuu, mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu, alipokuwa anarudi kwao. Huyo ndiye aliyemfungulia santuri za watu weusi wa Marekani. Petro alituambia, "Hawa nao walikuwa manamba, ila wao ni wa pamba."

Nataka niseme vizuri alivyokuwa anapiga, maana sijaona aliyeandika. Wengi hupuliza. Petro alikuwa anavuta. Sauti zake kubwa zote zilikuwa za kuingia ndani, kama mtu anayejizuia kulia. Akiipata sauti haiachi imekaa palepale, anaipinda. Mmeshika singa mbichi? Unaipinda mpaka ncha zigusane na haikatiki. Ndivyo. Viganja vyake viwili alivifumba kukizunguka kinanda, akavifungua polepole, sauti ikatoka kama mlango uliofunguliwa na mtu mwenye habari mbaya. Na hakuwa na haraka. Wapigaji wengi wa klabu ya shamba waliogopa ukimya, kila mahali wanajaza. Petro aliuacha ukimya ukae, kisha akaupitia pembeni.

Sisi tuliogeuza singa tulijikuta tunageuza kwa mwendo wake. Nyapara Shemdoe hakupenda. "Petro," alisema, "wewe ni mtu mzima. Kitu hicho wape watoto."

"Nitawapa, mzee, wakijifunza kuhuzunika."

Watu walicheka, na nyapara naye alicheka, lakini jina lilimganda: Petro Kichezeo. Fundi wa visu bora kuliko wote kwenye mashamba yale ya kando ya mto, akaitwa Kichezeo mpaka alipokufa.

Mwaka wangu wa pili ulimi wa shaba wa tundu la nne ulikatika. Ulikuwa ulimi wa kuvuta, na sauti yake iko katikati ya nyimbo zake nyingi. Alihangaika. Alitengeneza ulimi mwingine kwa kipande cha shaba, akausugua kwa tupa yake ya visu, ukatoa sauti ya mbuzi. Kinanda kingine hakikupatikana, si Korogwe si Tanga; miaka hiyo hata sabuni ilitafutwa. Basi akaendelea na kile kile. Wimbo ukifika pale, unasikia pumzi tupu, hewa inapita. Anasimama kidogo, anainua nyusi, anaendelea.

Mchana mmoja, nikiwa nageuza waya ya saba, alifika pale kwenye pumzi tupu, nami bila kukusudia nikaitia ile sauti kwa mdomo wangu. Moja tu. "Mm." Petro hakunitazama. Alirudi mwanzo wa wimbo, akaja tena mpaka pale, akasimama. Nikaitia.

Kuanzia siku hiyo ikawa hivyo. Akikaribia, anasema kwa nyusi, na mimi najaza. Zuhura alinitania, "Shoga, wewe umekuwa jino la bandia la Petro." Agnesi akadakia, "Afadhali jino, wifi. Sisi wengine hata ufizi hatukupewa." Aliniita wifi kwa utani, na mimi nilimwambia anyamaze, maana Mzigua Mwislamu na Muha wa kanisani, hapo kambini maneno yangefika mbali. Na wallahi hakukuwa na kitu. Kulikuwa na sauti moja tu kati yetu, na watu hawaelewi kitu kidogo kama hicho.

Ndipo ikaja siku ya gari la redio. Bwana Ustawi, ofisa aliyeshughulikia klabu, mpira na mambo ya wafanyakazi, alitangaza kwamba mafundi wanakuja na mashine ya kunasa sauti, kila idara itoe wapigaji wake. Ngoma za Wazigua ziliandikwa, kwaya ikaandikwa, na Agnesi akaenda mwenyewe ofisini kumwandikisha kaka yake. Bwana Ustawi akasema, "Dakika tatu nitampa. Kwa ajili ya mikono yake kwenye visu, si kwa hicho kichezeo."

Petro alikuja uwanjani asubuhi hiyo amenyoa, shati limepigwa pasi. Hakuniomba. Aliuliza tu, "Utakuwepo?" Nikasema nitakuwepo.

Mimi nilikuwa nimeshachumbiwa na Rajabu. Barua imejibiwa, siku imepangwa. Mama yake alikuja toka Handeni kusikiliza ngoma, akakaa safu ya mbele pamoja na Nyapara Shemdoe, kaka yake. Nilisimama nyuma yao. Petro alipopanda jukwaani, Zuhura alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwanaidi, ukifungua mdomo hapa, mama mkwe ataisikia sauti yako imekaa ndani ya wimbo wa mwanamume mwingine. Na si leo tu. Itakuwa redioni, kila wakipenda."

Petro alipiga. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Hata wale wa ngoma waliziweka ngoma zao chini. Alifika kwenye pengo, akasimama, akainua nyusi kunielekea.

Nikanyamaza.

Akarudi mwanzo, akaja tena, akasimama. Nilikuwa nimeibana kanga mdomoni. Mara ya tatu fundi wa redio alivua vidude vya masikioni akasema, "Mzee, samahani, chombo chako ni kibovu. Kuna mahali hakitoi sauti." Bwana Ustawi akapiga makofi mawili. "Si nilisema? Haya, kwaya, pandeni!"

Mama mkwe aligeuka akaniambia, "Maskini, yule angewaachia watu wa ngoma tu." Nikasema, "Ndiyo, mama."

Siku ya pili nilimkuta Petro kwenye korona anasugua kisu. Nilitaka kusema maneno mengi, likatoka moja: "Pole." Hakukasirika. Alisema, "Jana nimepiga hodi mara tatu, Mwanaidi." Hakumaliza, na hakukuwa na haja. Kwetu ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka.

Na kweli aliondoka. Hakuacha kupiga, alizibadilisha nyimbo zake zote zisipite tena kwenye tundu la nne. Alizungukia pembeni kwa ufundi mkubwa, akipinda sauti ya tatu na kushusha ya tano, mpaka asiyejua hawezi kujua kuna tundu limekufa. Watu walisema Petro sasa ameiva. Mimi nilisikia mtu anayeizunguka nyumba.

Niliolewa, nikarudi kazini. Nikahamishwa chumba cha brashi, ambako singa kavu zinachanwa kwenye mashine mpaka ziwe laini. Mkuu wa Brashi, mzee mmoja mkavu, alitupokea kwa maneno haya: "Hapa mtafunga vitambaa puani. Asiyefunga atanikumbuka baadaye." Vumbi la brashi ni jeupe, linaelea, unalimeza ukiongea. Korona yetu ilipopunguziwa zamu, Petro naye aliletwa humo kutengeneza mashine. Hakuweza kufunga kitambaa siku nzima, alisema hapati hewa. Miaka ikaenda. Kikohozi kikamwingia taratibu, na mpigaji wa kuvuta anavuta pumzi kuliko mtu mwingine yeyote. Nyimbo zikawa fupi. Mwisho akawa anapiga sauti tatu nne, anapumzika, anapiga tena, na hizo tatu nne zilikuwa nzuri kupita zote za ujanani, kwa kuwa alikuwa akichagua. Nani alizisikia? Wanawake wa brashi, na mashine zinaunguruma.

Shamba likadorora. Meneja wa mwisho alituita uwanjani akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu zangu, kesho msije." Kesho yake wengi tulikwenda. Tulikaa kwenye waya tupu mpaka jua likawa kali, tukarudi nyumbani.

Nikawa mkulima hapa Hale, mahindi na mihogo. Rajabu akafariki, Mungu amrehemu. Zuhura akafariki. Kisha Agnesi akatuma habari kwamba Petro amelazwa Korogwe, kifua.

Nilikwenda na uji kwenye chupa. Nilimkuta amekuwa mdogo, macho makubwa. Kinanda kilikuwa chini ya mto wake, hakuwa na pumzi ya kukitumia. Wagonjwa wenzake hawakujua ni mpigaji. Aliyelala kitanda cha pili aliniuliza kama mzee alikuwa mlinzi. Nilikaa. Nilikuwa nimeibeba ile sauti zaidi ya nusu ya umri wangu, jikoni, shambani, nikimbembeleza mtoto. Nikainama karibu na sikio lake nikaitoa, polepole. "Mm."

Petro alifungua macho. Nyusi ziliinuka, zilezile. Alihangaika kupata hewa, kisha akasema, "Hiyo iko juu kidogo."

Nikaishusha. Nikamuuliza, "Hapa?"

Alikuwa amefumba macho. Muuguzi akaja akasema, "Bibi, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mwache apumzike." Nilisema nitarudi Ijumaa. Alhamisi tulimzika. Mazikoni tulikuwa Agnesi, wanawe wawili, katekista, mimi, na mzee mmoja wa korona. Katekista alisoma kwamba marehemu alikuwa fundi wa visu. Kinanda hakikutajwa.

Mjukuu wangu Hadija, mwalimu, ndiye anayeninyooshea herufi hizi. Alinichezea kwenye simu wale watu wa pamba, akasema muziki huo unaitwa bluzi. Nikawasikiliza siku nzima. Wanavuta vilevile, wanapinda vilevile, na kila mmoja jina lake limeandikwa na picha yake imewekwa. Nilimwambia Hadija wapo wawili watatu aliowazidi Petro. Alinitazama kama anayeniheshimu tu. Sina cha kumwonyesha. Dakika zile tatu zilikuwepo, nikazibana kwa kanga.

Kazi haikunipa mengi nikistaafu. Mikono ina makovu ya maji ya mkonge, kifua kinanibana wakati wa kiangazi. Niliyobaki nayo ni majina, na majina sijakosea hata moja, niulizeni. Ila ile sauti sasa ninazo mbili, ya juu niliyokaa nayo miaka yote na ya chini niliyoitoa pale kitandani, na sijui ipi ndiyo yenyewe. Agnesi anasema ya juu, lakini sikio lake moja halisikii, na lile jingine linanihurumia.

Kwa hiyo nakuomba wewe uliyeanika singa pale Hale, waya ya saba au ya jirani, mchana korona ikizimwa. Kama nimekosea uwanja, mwaka, au nani alisimama wapi, nirekebishe. Lakini zaidi nirekebishe hapo. Njoo nyumbani, mimi nitatoa zote mbili, wewe uniambie. Hodi yako nitaiitikia ya kwanza.