Bwana Yupo

Juzi, kwa jirani yangu hapa Mbinga, niliona sahani ya bati iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Harufu ya usipa, dagaa wa ziwani kwetu, wa kukaanga ikanirudisha utotoni Lituhi, kwenye alasiri tuliyomwombea baba. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka, na ziwa lilikuwa limerudisha koti lake la mtumba tu.

Kanisani, mawimbi yakisikika hadi ndani, padri alisema, "Bwana yupo hapa, katikati yetu."

Mimi Bwana niliyemjua alikuwa mmoja. Mama hakuwahi kumtaja baba kwa jina; watu wakimuulizia, alijibu, "Bwana yuko ziwani." Basi nikageuka kutazama mlangoni.

Tuliporudi nyumbani nilipakua ugali na usipa, nikafunika, nikaweka mbele ya kigoda cha baba.

"Hicho cha nani, mwanangu?" mama akauliza.

"Cha Bwana. Padri amesema yupo."

Ukutani, koti lilikuwa bado linadondosha maji. Mama akakifuta kigoda kwa ncha ya khanga, akasema taratibu, "Karibu, Bwana."

Siku hizi najua padri alimaanisha Bwana yupi. Mama alimkaribisha yupi, sikuwahi kumuuliza.