Bwawa la Shemeji

Seva yangu ya mchezo wa kujenga ilikuwa na wachezaji thelathini na wanane. Nilihesabu mara mbili, maana mmoja alikuwa mharibifu na nilitaka kujua nimtafute kati ya wangapi. Niliiendesha kutoka kibanda changu cha simu pale Kinoru. Mteja akitaka kava ya simu, namwambia angoje kidogo.

Mharibifu alikuwa amelenga bwawa la shemeji. Mke wa kaka yangu anaishi Gachoka, ambako mvua huja ikijisikia, na ndani ya mchezo alikuwa amejenga bwawa la mawe lenye mifereji hadi kwa jirani wa mwisho. Lilipobomolewa mara ya kwanza, alijenga upya. Mara ya pili akanipigia.

"Shemeji, likivunjwa tena mimi naacha huu mchezo. Ukame ninao huku nje tayari."

Yule msee mharibifu nilikuwa nimemfukuza mara nne, na kila mara alirudi na jina jipya. Basi nikafungia anwani yake ya mtandao, nikanywa chai kama mtu aliyefanya kazi.

Chai haijaisha, shemeji akapiga tena. "Sasa umenitoa mimi?"

Kumbe yeye na mharibifu walikuwa wanatumia waifai moja ya pale sokoni Gachoka. Nikafungua. Aliyeingia wa kwanza ni mharibifu, akaniandikia, "Asante buda."

Nikajaribu kupatana naye. Nilimpa kisiwa kizima abomoe atakavyo. Akataka viwili. Tulikuwa tumefika kimoja na nusu, na mimi nikijisifu moyoni, nilipoona ukuta wa bwawa unaanguka. Alikuwa akibomoa huku tukisikilizana bei.

Nikamwambia shemeji nimeshindwa. Nilingoja aage. Badala yake alimwandikia yule mharibifu mbele ya watu wote, "Kijana, hiyo sehemu chini ya bwawa ni yako. Panda."

"Ni mtego?"

"Ni shamba. Nikimaliza ukuta, maji yatakufikia wewe kwanza."

Kijana akapanda mahindi. Yalipokaribia kukomaa, mgeni fulani aliingia akaanza kugonga ukuta, na aliyepiga kelele kabla ya wote alikuwa mharibifu wetu.

"Buda, mtu anavunja bwawa na wewe unauza kava. Wewe ni msimamizi wa aina gani?"

Nikamfukuza mgeni. Shemeji alikuwa chini kwa mahindi ya kijana, anazibua mfereji.