Supu ya Mizizi Chumba cha Dharura

Juzi nilikuwa chumba cha dharura cha hospitali moja hapa Arusha, nimempeleka shangazi yangu presha imempanda. Kitanda cha jirani akaletwa kijana kutoka Moshono, kifafa kimemkamata tangu nyumbani na hakitaki kumwachia. Sindano ya kwanza haikufua dafu. Wakarudia, wapi! Daktari, binti mdogo tu, akaagiza dawa nyingine mbili ziingie kwa pamoja.

Baba wa kijana, mzee wa Kiarusha mwenye shuka begani, akanyanyua fimbo. "Unachanganya dawa? Mwanangu siyo sufuria!"

"Shikamoo mzee," daktari akajibu, macho yakiwa kwenye mshipa wa kijana. "Kifafa kikiendelea hivi, ubongo unaumia. Moja imeshindwa. Hizi mbili, kila moja inakizuia kwa njia yake."

Mzee akafumba macho, akamwomba Mungu kwa Kimaa. Mtikisiko ukapungua, kisha ukakoma. Kijana akaanza kukoroma.

Mzee akashusha pumzi, akatoa chupa ya chai kikapuni. "Akiamka anywe hii supu."

"Ina nini?" nesi akauliza.

"Mbuzi na mizizi."

"Mizizi gani?"

Mzee akaanza kuitaja, akihesabu kwa vidole. Mkono wa kulia ukaisha, akahamia wa kushoto. Ghafla akamtazama daktari, akavikunja vidole taratibu, akairudisha chupa kikapuni.

Sisi watu wa chini ya Mlima Meru hatuogopi kuchanganya dawa. Tunaogopa sufuria ambayo hatukuikoroga wenyewe.