Barua Iliyo Nyuma ya Dosie

Karani wa ofisi ya wafanyakazi aliifungua dosie yangu mezani, akalamba kidole, akaanza kupitia karatasi moja moja. Diploma, ipo. Cheti cha mafunzo ya uongozi, kipo. Alama za kila mwaka, zile tunazoziita cotation, zipo zote: miaka mingi ya "très bon", vizuri sana, na mmoja wa "élite", alama ya juu kabisa, ambao niliutazama kama mtu anayetazama picha ya arusi yake. Kisha akafika kwenye karatasi ya mwisho na mkono wake ukasimama.

"Mama Commissaire," akasema kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili tu mle ndani, "hii barua iko mubaya. Commission ikiiona, itakuharibishia kila kitu. Mi naweza kuiacha huku mu tiroir yangu. Hakuna muntu atauliza." Akaivuta droo ya meza yake.

Nilikuwa naomba kuwa kamanda wa polisi wa komini nzima ya Kampemba, wilaya mojawapo ya Lubumbashi, na commission ya uteuzi ndiyo ingeamua. Nilikuwa nimekuwa msaidizi wa makamanda wawili, na mmoja wao hakuweza kuandika ripoti ya ukurasa mmoja bila kuniita. Sikuwahi kumwona mwanamke kwenye kile kiti. Nilikitaka. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wenzangu wanaume husema wao "walipewa jukumu", kana kwamba lilidondoka kutoka darini. Mimi nilikitaka na niliamka alfajiri kukisomea.

Dosie zilikuwa zinafungwa Jumatatu saa sita mchana. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia karani nitampa jibu Jumatatu asubuhi, nikatoka, na nilipofika kwenye ngazi nikagundua kwamba sikuwa nimemkatalia.

Barua yenyewe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Asubuhi moja ya kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila kitu, redio ya jeep ilisema barabara imefungwa kule Bel-Air, mtaa wa Kampemba, kwa matawi ya miti, na malori yanayokwenda upande wa mgodi wa Kinsevere yamesimama mstari mmoja, yanapiga honi. Wiki ile vijana walikuwa wamekwishafunga njia mara mbili kwa hasira zao za kukatiwa umeme, kwa matairi na matawi. Kwa hiyo nilipoona matawi ya mparachichi yamelazwa katikati ya lami, nilijua, au nilidhani najua. Nilishusha kioo nikawaambia polisi wangu: "Tosheni hii bintu, pesi pesi!" Wakayatoa, wakayakokota hadi mtaroni. Malori yakapita kwa mwendo wake.

Mtu yeyote aliyezaliwa Lubumbashi anajua matawi barabarani maana yake nini. Nyumba yenye kilio huyalaza mbele ya ua ili madereva wapunguze mwendo na wapita njia wajue kuna msiba. Baba yangu alipokufa, mimi mwenyewe niliyakata na kuyalaza, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na lori moja lilipunguza mwendo, na dereva akavua kofia. Sijamsahau dereva yule. Tofauti ya matawi ya kilio na matawi ya fujo huioni kwenye kioo cha gari. Unashuka, unatazama kama kuna matairi, unatazama kama kuna wanawake wamekaa chini uani. Mimi sikushuka.

Mama mmoja alitoka kwenye ua, kitenge kimefungwa kiunoni, miguu mitupu. Hakupiga kelele. Alisimama karibu na mlango wa jeep akaniambia, "Mutoto wangu bado iko mu nyumba." Redio ikaniita tena kwenye jambo lingine, nikamwambia dereva twende. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimeitafutia hadithi hiyo sura nzuri kwa miaka mitatu na sijaipata.

Shefu wa avenue yao, kiongozi wa mtaa, aliandika barua ya malalamiko, wakubwa wakanidai maelezo, nikajibu mistari mitatu kuhusu usalama barabarani. Jina la marehemu lilikuwa mle ndani ya barua. Nililisoma mara moja, nikalisahau.

Jumamosi nzima nilikuwa mkali nyumbani. Nilipiga pasi uniform ambayo tayari ilikuwa imepigwa pasi. Mume wangu, mtu wa utani hata kwenye mvua ya mawe, alisimama mlangoni.

"Mon Commandant, bukari inapola."

"Usiniite vile. Bado sijapewa."

"Basi, Mama ya bantu, bukari inapola."

Nikamweleza habari ya karani. Alifikiri, akaosha mikono, akakata tonge la kwanza la ugali. "Ukitosha ile barua," akasema, "utakuwa commandant. Lakini kila siku utapita Bel-Air." Kisha akala. Huwa ananiudhi zaidi anaposema kweli.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda Bel-Air kwa miguu, nimevaa kitenge, nimeshika kitu kidogo cha heshima: sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda kutoa pole. Miaka mitatu nimechelewa! Njiani nilijiambia nakwenda kuomba msamaha tu. Huo ulikuwa uongo nusu. Nusu ya pili ilikuwa inatumaini kwamba yule mama mwenyewe ataniambia, yamekwisha, itoeni barua, na hapo nitaitoa kwa moyo mweupe.

Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, uani. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Jambo, mama."

"Jambo. Leo umeshuka."

Nilikaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti alichonionyesha. Nikamwambia kosa langu lilivyokuwa, bila redio, bila malori. Nikamwambia hata mimi nililaza matawi kwa ajili ya baba yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta haraka. Yeye aliendelea kuchambua majani.

"Ulikuya juu ya ile barua," akasema mwishowe.

Ningeweza kukana. "Ndiyo, mama. Juu ya barua pia. Niko naomba kazi ya kukomande Kampemba. Na ile barua iko mu dosie yangu."

"Na unataka baitoshe."

Aliweka sinia kando, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Akanieleza habari za binti yake. Alikuwa mshonaji wa nguo, mwenye miaka ishirini na minne. Alizaliwa nyumbani na hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Mwaka wa kutoa kadi za uchaguzi alikuwa kitandani anaumwa. Vyeti vyake vya shule viliozeshwa na mvua pamoja na paa. Hata kwenye karatasi ya makaburini waliandika jina la mama, kwa kuwa ndiye aliyeomba shimo.

"Ile barua," akasema, "njo karatasi moja tu ya Leta, ya serikali, yenye kuwa na jina ya mutoto wangu. Kama unaitosha, kwa Leta yeye hakuzaliwaka." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Usiitoshe, mama. Nakuomba."

Nilikuwa nimekwenda kuomba, na sasa ninaombwa. Kabla sijaondoka nilimwuliza jina. Akalitaja polepole, nikalirudia mpaka akaridhika na jinsi ninavyolitamka.

Jumatatu asubuhi karani alikuwa ananingoja, droo imeachwa wazi kidogo, barua ndani yake.

"Irudishe," nikamwambia.

"Mama, weye iko na kichwa nguvu!"

"Ndiyo. Njo maana naomba kukomande. Irudishe."

Commission ilikaa wiki mbili baadaye. Walikuwa wanaume watano nyuma ya meza ndefu. Waliniuliza sheria, nikajibu. Waliniuliza nitapangaje doria za soko siku ya ghasia, nikajibu mpaka mmoja wao akaanza kuandika. Nilijisikia vizuri, nakiri. Nilijisikia tayari kiti ni changu. Kisha mwenyekiti akageuza dosie hadi nyuma, akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni kosa langu, mon Général. Naomba niisome."

Hakuna aliyetazamia hilo. Nikaisoma yote, nimesimama wima, na nilipofika kwenye jina la binti yule nililisoma kama mama yake alivyonifundisha. Mwenyekiti akauliza ningefanya nini leo. Nikasema, "Ningeshuka." Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikamrudishia barua.

Uteuzi ulisomwa kwenye gwaride la asubuhi. Kiti kilikwenda kwa mwenzangu wa komini ya Katuba. Karani alininong'oneza baadaye kwamba nilimpita kwa maswali, lakini malalamiko ya raia ndani ya dosie yalinipunguzia alama, na kwamba yeye alinionya. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, kisha nikanawa uso nikaenda kumpigia saluti kamanda mpya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Saluti ilikuwa safi. Hata kwa hasira mimi hupiga saluti safi.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Bel-Air. Yule mama alinitengea chakula kwanza, akangoja nile tonge mbili.

"Bilikuwa namna gani?"

"Balininyima, mama."

"Juu ya barua?"

"Juu ya kosa langu. Barua ilisema tu."

Nilidhani atanipa pole, na nilikuwa nimejiandaa kuipokea kwa adabu. Badala yake akauliza, "Jina yake, balisoma?"

"Mi mwenyewe niliisoma. Mbele ya général. Bote balisikia."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, nami nikalirudisha tonge langu sahanini.

"Utaomba tena?" akauliza.

"Mwaka kesho. Na kama wakininyima, ule mwingine."

"Na barua?"

"Itakuwa mle mle."

Aliinuka akaingia ndani, akatoka na daftari la shule na kalamu, akavisukuma kwangu juu ya mkeka.

"Andika," akasema. "Mi sijue kuandika muzuri. Andika kama ulikuya, ukaikala chini, ukaomba pole. Mi nitatia kidole, na shefu wa avenue atapiga cachet, muhuri yake. Weka hii barua mupya mu dosie, nyuma ya ile ya kwanza." Akakaa karibu yangu ili aone mkono wangu unavyokwenda. "Na jina yake, andika muzuri. Kwa Leta ikuwe mara mbili."