Chuo Kilichotaka Kipaimara

Mume wangu alianza na jembe. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa na wiki moja tu tangu yatoke, binti yetu hajachaguliwa chuo chochote, na tayari jembe jipya, mpini wake umepigwa msasa hadi unateleza, lilikuwa limelazwa sebuleni juu ya tranka la bluu. Mume wangu alisoma sekondari ya bweni, na kichwani mwake hakuna shule inayompokea mtu bila jembe, fyekeo, ndoo na fagio la chelewa.

"Baba, chuo kikuu hawalimi," binti alimwambia.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Basi kuna anayelima. Usije ukatuaibisha."

Sikucheka, kwa sababu siku hiyohiyo mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mbinga mjini na mablanketi mawili mazito kama ya kufunikia ng'ombe. Mimi ni mzaliwa wa kando ya Ziwa Nyasa, huko kusini ya Mbamba Bay, ambako blanketi ni la mgonjwa wa malaria. Lakini nimeolewa Mkumbi, juu huku, ambako mwezi wa sita mtu anaoga kwa kujilazimisha, na baada ya miaka ishirini na miwili mwili wangu umesahau kwamba kuna nchi zenye joto. Binti alipojaribu kunieleza kwamba vyuo anavyotaka kuomba viko mahali ambapo watu wanalala madirisha wazi, nilimwambia asijifanye anajua baridi kuliko mama yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nafundisha darasa la pili kusoma na kuandika. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana huko mbele litaniumbua.

Binti mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: kusomea samaki. Tangu mdogo likizo zake zote amezimaliza kwa mama yangu, ufukweni, akisaidia kuanika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Kila mwaka alirudi na swali lilelile, kwa nini usipa wanapungua, na hakuna aliyemjibu vizuri. Mimi nilimwambia ni mapenzi ya Mungu. Baba yake alimwambia ni Wamalawi. Basi akaamua kwenda kutafuta jibu kwa watu wenye akili zaidi.

"Usipa nao wanasomewa?" mume wangu aliuliza, mbele ya watu, akitafuta kicheko. "Mama mkwe wangu anawajua wote mmoja mmoja, na hata kusoma hajui!"

Kicheko alikipata. Binti aliinama akaendelea kuchambua kahawa.

Maombi ya chuo yalijazwa mjini, kwa mwenye steshenari mmoja anayejua mfumo. Tulikwenda watatu, tumevaa kama tunakwenda kubatiza. Mwenye steshenari alipouliza namba ya simu ya muombaji, mume wangu alitaja ya kwake kabla binti hajafungua mdomo. Binti hakuwa na simu. Ya kwake tulipanga kumpa siku ya kuondoka, kwa hotuba. Alijaribu kusema iandikwe walau ya rafiki yake, wa pale pale mjini. Baba yake alimtazama kwa huruma.

"Chuo kinataka kuzungumza na wazazi. Wewe utapata nafasi yako ukishafika."

Wiki chache baadaye tulimtuma ziwani akamuage bibi yake. Kabla hajaondoka alitusimamisha wote wawili mlangoni na kutuambia mara tatu, polepole, kama ninavyowaambia watoto wangu wa darasa la pili: ujumbe ukija kwenye simu ya baba, apigiwe siku hiyohiyo kwa bibi. Ujumbe huo una siku zake, zikipita zimepita.

"Nimesikia," alisema baba yake. "Unaongea na mtu mzima."

Ujumbe uliingia Jumamosi, tukiwa tunageuza kahawa kwenye vichanja. Ulikuwa wa Kiingereza, mrefu. Mume wangu aliusoma amesimama, kofia mkononi. Alielewa pongezi, akaelewa majina ya vyuo viwili, na hapo akatosheka.

"Viwili!" alipiga kelele hadi jirani akatokeza kichwa. "Mwalimu, vyuo viwili vinamgombania mtoto mmoja!"

Nilimwambia tumpigie binti. Akasema haraka ya nini, kwanza tuelewe mambo yote, asije akapewa habari nusu. Ukweli ni kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili, na yeye ndiye mwenyekiti wa kigango. Alitaka habari ile itoke kanisani kabla haijatoka mahali pengine popote, hata kinywani mwa mwenye habari. Nami nilinyamaza, maana nilikuwa na kitenge kipya na nilipenda kusimama ndani yake watu wakipiga makofi.

Walipiga makofi kweli. Baada ya ibada katekista alituita pembeni, akaomba kuuona huo ujumbe. Katekista wetu ni mtu wa heshima, ndiye anayetunza vitabu vya kigango, na Kiingereza chake kinaaminika kwa sababu hakuna anayemjaribu. Aliusoma huku midomo inacheza. Akafika mahali, akanyanyua kidole.

"Hapa sasa. Wanataka konfemesheni."

"Ndiyo nini?" mume wangu akauliza.

Katekista aliingia kwenye chumba cha vitabu, akarudi na leja kubwa ya sakramenti, ile iliyoachwa na wamisionari, yenye vichwa vya safu kwa Kiingereza. Akaifunua mbele yetu. Safu ya kwanza ubatizo, ya pili komunyo, na ya tatu, kwa wino uliopauka, neno lile lile lililokuwa kwenye simu, herufi kwa herufi. Chini yake majina ya watoto waliowekewa mikono na askofu.

"Kipaimara," alisema katekista. "Chuo kinataka kipaimara chake. Na wametaja namba kabisa. Hii hapa, namba ya cheti."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia nchi imeanza kuongozwa vizuri.

Sasa nirudi kwenye ualimu wangu. Kiingereza changu si cha kujivunia, lakini neno lile nilikuwa nimewahi kuliona kwingine. Niliwahi kuliona kwenye fomu ya uhamisho, na pale halikuwa na askofu. Ningeweza kusema, "Hebu tumpigie mtoto atuambie." Maneno machache tu. Lakini kumsahihisha mwenyekiti wa kigango, mbele ya katekista, juu ya leja ya sakramenti, mbele ya akina mama waliokuwa bado wananisifia kitenge! Nikamsaidia katekista kufunga leja. Nimeona aibu kwa mambo mengi maishani, na hilo ndilo la kwanza kwenye orodha.

Jumatatu tulipindua nyumba. Cheti cha kipaimara tulikipata ndani ya tranka la zamani, chini ya kadi za kliniki. Mume wangu alikiweka mezani, simu pembeni yake, akavaa miwani, akalinganisha namba. Hazikufanana. Ya cheti ilikuwa na tarakimu nne. Ya chuo ilikuwa ndefu, tena imechanganywa na herufi.

"Wamemchanganya na mtoto wa mtu," alisema, uso umemshuka.

Akarudi kwa katekista. Katekista naye alikiri kwamba kigango chetu hakijawahi kutumia herufi, labda jimbo lingine. Wakaamua kuandika barua kwenda chuoni kueleza kwamba mtoto ameimarishwa kihalali, na kwamba namba sahihi ni ile ya tarakimu nne. Barua iliandikwa vizuri, ilikuwa na "Tumsifu Yesu Kristo" juu na "wako katika utume" chini. Ilibaki muhuri wa parokia. Paroko alikuwa safarini kwenye vigango vya mbali, angerudi Jumatatu iliyofuata.

"Ujumbe unasema mwisho Jumamosi," nilimwambia mume wangu. Tarehe angalau nilizielewa.

"Barua yenye muhuri wa Kanisa, nani ataikataa kwa ajili ya siku mbili?"

Jumatano binti alipiga kwa simu ya bibi yake. Ni kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe. Nikapokea mimi.

"Shikamoo mama. Ujumbe haujaja?"

"Marahaba mwanangu. Umekuja! Umechaguliwa viwili, na kile cha samaki kimo!"

Alipiga vigelegele, nikamsikia mama yangu naye anavipokea kule nyuma bila hata kujua vya nini. Kisha binti akasema, kwa sauti ya kazi, "Basi mama, nisomee ile namba. Nitampigia mwenye steshenari sasa hivi anithibitishie."

Mume wangu alikuwa amesimama karibu. Alinyoosha mkono akachukua simu.

"Mambo yanashughulikiwa na ofisi," alimwambia. "Kuna tatizo dogo la namba, tunalirekebisha na paroko. Wewe kaa na bibi yako."

"Paroko? Baba, nisomee tu hiyo namba..."

"Netiweki inakatika," alisema baba yake, na netiweki ikakatika kwa kidole chake.

Nilikuwa pale. Nilisikia neno "anithibitishie" kwa Kiswahili safi, na wasiwasi wangu wote wa Jumapili ukapata jibu. Ningeweza kuinyang'anya ile simu. Badala yake nilikwenda kukunja mablanketi upya.

Binti alifika mwenyewe Jumapili mchana, kwa pikipiki kutoka njia panda, vumbi hadi kwenye kope. Hakusalimia. Aliomba simu, akasoma ujumbe mara moja, haraka, akakaa juu ya tranka.

"Leo ni Jumapili," alisema.

Baba yake akaanza kumweleza habari ya leja, tarakimu nne, herufi, muhuri. Binti alimsikiliza hadi mwisho. Kwa mtu wa umri wake ilikuwa subira ya ajabu.

"Baba, walikuwa wanauliza ninachagua kipi. Nilitakiwa kuiandika hiyo namba kwenye mfumo. Basi."

"Sasa wangeandika hivyo! Si wangeandika Kiswahili?"

"Ndiyo maana niliwaambia mnipigie."

Nilitaka anitukane. Nilitaka alie, walau nipate kazi ya kumbembeleza. Alinyanyuka, akaenda kwenye vichanja, akageuza kahawa yote peke yake, kichanja baada ya kichanja, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumfuata. Jembe lilikuwa bado limelala sebuleni, linang'aa.

Kanisani tulisema chuo kimesogeza mambo mbele. Mume wangu ndiye aliyetangaza, nami nikaitikia kwa kichwa.

Kumbe kulikuwa na awamu nyingine, ya nafasi zilizobaki. Binti hakutuambia. Alirudi ziwani, eti kumsaidia bibi yake usipa, akajaza maombi upya huko Mbamba Bay. Safari hii namba aliyoandika ilikuwa ya kile kitochi. Mama yangu hajui kusoma, kwa hiyo ana utaratibu mmoja tu: simu ikilia mlio wa ujumbe, anaiacha kazi yake, anaibeba kwa mikono miwili, na kumpelekea mtu anayejua. Ujumbe uliingia yuko kwenye chanja cha usipa. Aliita jina la mjukuu wake mara moja, na kabla mikono yake haijakauka jambo lilikuwa limekwisha.

Kile cha samaki. Nafasi ilikuwa imebaki.

Alikuja kutuaga siku mbili tu. Mablanketi aliyaacha kitandani kwangu yamekunjwa vizuri, na jembe alilikabidhi kwa baba yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Alichopakia ni mfuko wa usipa wakavu wa bibi yake. Wakati anapanga karatasi zake niliona fomu ya chuo, nikaisoma. Kusoma najua, ndiyo kazi yangu. Pale palipoandikwa mzazi au mlezi wa kuwasiliana naye, aliandika jina la mama yangu na namba ya kitochi.

Alijua nimeona. Hakuificha, wala hakueleza.

Sasa mume wangu anasoma kila ujumbe unaoingia kwenye simu yake, hata wa matapeli, anausoma hadi mwisho na miwani. Chuo hakijamwandikia. Nami nikitaka kujua mwanangu amefaulu mitihani au la, nampigia mama yangu, naye huniambia, bila ubaya wowote, "Subiri mwanangu, nimwite mtu anayejua kusoma."