Zulia Lenye Pindo

Enzi zetu gari lilivalishwa zulia hata kwa wiki mbili nzima, na hakuna aliyelalamika. Mjukuu wangu Deusi amenunua Pijo kuukuu hapa Lusahunga, akaagiza zulia ambalo limekuja limeshakatwa, akalibandika kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Kisha akaanza kupiga picha. Nikaenda kulitazama. Kwenye ile nundu ya katikati limevimba kama tumbo la mtu aliyekula maharage mabichi. Mlangoni limepungua vidole viwili.

"Deusi, hili limekatwa na mtu ambaye hajaliona gari."

"Bibi, siku hizi inakata mashine."

Haya, mashine. Ningenyamaza hapo, lakini akalishika lile zulia la zamani, akaliburuta mpaka shimo la taka, akawa anajipapasa mifukoni kutafuta kiberiti. Nilipiga ukelele mpaka madereva wa malori kule barabarani wakageuka. Deusi alidhani nimeumwa na nyoka. Sikumweleza. Naeleza hapa, kwa wenzangu wa rika langu, mliokuwa watoto mwaka ule watu wa Burundi walipovuka.

Tulikaa Mbuba, kule Ngara karibu na mpaka. Baba alikuwa fundi wa kushona maturubai ya malori na viti vya magari, na kibanda chake cha nyasi kilikuwa kando ya migomba yetu. Sura za walimu wangu zimenitoka, lakini harufu ya kibanda kile ninayo mpaka leo: gundi ya viatu, magunia, jasho la baba, na moshi wa mama akipika ndizi na maharage nyuma ya nyumba. Shule niliishia darasa la nne. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka umande ukitupiga miguuni, mchana tukacheza mdako kwa kokoto mpaka vidole vikachubuka. Viatu hatukuwa navyo, wala hatukujua kwamba tumekosa kitu. Lakini kukata zulia nilijua. Baba hakuwa na mtoto mkubwa zaidi yangu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika upande wa pili.

Zulia la zamani hung'olewa taratibu lisichanike, kwa sababu ndilo kipimo. Unalilaza jipya kifudifudi, juu yake unalaza la zamani, nalo kifudifudi, unachora kwa chaki. Ukisahau kuligeuza, tundu za pedeli zinatokea upande wa abiria. Unakata nje ya mstari. Unalianika juani lilainike, halafu unalikandamiza kwenye nundu kwa magoti, unapunguza kwa kisu kidogo kidogo mpaka likae lenyewe. Mwisho ni pindo: ukanda wa ngozi ya bandia unaoshonwa kuzunguka ukingo wote kwa shazia, ile sindano ya magunia, nyuzi zisifumuke. Zulia la Deusi halina pindo. Nimeangalia.

Mwaka ule kila nyumba ya Mbuba ilikuwa na wageni. Walifika kwa miguu na mikeka, vyungu na watoto, na kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, hakuna aliyehitaji mkalimani ili ajue wameona nini. Mzee Sefu, mfanyabiashara wa Ngara mjini ambaye watu wake walitoka pwani, alikuwa akirudi na Pijo lake siku moja akamkuta mama mmoja kando ya njia, uchungu umemshika, binti yake kasimama analia. Akawapakia. Hawakufika mbali. Yule mama alijifungulia sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, mtoto wa kiume. Jirani yetu akawapa chumba, na Pijo likaletwa kwa baba.

"Mke wangu amesema hapandi mpaka livalishwe jipya," alisema Mzee Sefu, huku akishusha zulia alilolitoa Mwanza, rangi ileile ya damu ya mzee.

Kesho yake yule mama akaja. Tulimwita Mama Daforoza, kwa jina la binti yake. Alitembea kama mtu anayekanyaga miiba.

"Nasikia mmeng'oa lile zulia," akamwambia baba. "Naliomba."

"Mama, lile halifai hata kulalia."

"Si la kulalia. Damu ya mwanangu iko pale. Nataka niifukie, na yeye awe na mahali."

Kwao ni kama kwetu. Damu ya uzazi haiachwi ikanyagwe. Inafukiwa, na pale inapofukiwa ndipo mtoto anapopaita kwao. Baba akavua kofia. "Nikimaliza kupimia ni lako. Editha, ulitunze, mama atalifuata."

Nikasema ndiyo, baba.

Tulipima, tukachora, tukakata. Baba akalikunja la zamani, akaliweka nyuma ya kibanda. Jua likalipiga. Wasichana wa darasani kwetu walipita kutazama gari, wakaziba pua. "Kwa kina Editha kunanuka uzazi!" Siku mbili shuleni jina langu likawa hilo. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nami nilitaka wanicheke kwa jambo lingine, lolote. Siku ya tatu baba alipokwenda mjini kutafuta gundi, nililiburuta zulia hadi shambani nikalichoma. Liliungua polepole, kwa moshi mweusi. Nilisimama upande ambao moshi hauendi.

Jioni hiyohiyo Daforoza akaja. Tulikuwa rika moja, mimi na yeye. "Mama anauliza kama zulia liko tayari."

Ningesema pale pale. Ningepigwa, yangeisha. Badala yake nilisema, "Bado baba analipimia. Njoo kesho." Na alipogeuka kuondoka, nikaona lile debe la maji ambalo mama alinituma nikalijaze kisimani, nikaongeza, "Ukija, unisaidie maji kwanza."

Alinisaidia siku tisa. Kisima kilikuwa bondeni, na njia ya kurudi ni mlima mtupu. Daforoza alisokota kata ya majani makavu ya mgomba, akatwika debe, akaweka majani juu maji yasimwagike, akapanda. Mimi nilitembea nyuma, mikono mitupu, nikimsimulia habari za shule ambayo yeye hakuwa nayo. Tukifika kwenye uzio, nilimtua, nikajitwika mwenyewe hatua zile ishirini za mwisho, nikaingia nyumbani. "Siku hizi mwanangu ana bidii," mama akasema. Na Daforoza kila siku, nje ya uzio, akijipangusa shingo: "Kesho basi?" Nami: "Kesho."

Siku ya tisa Mzee Sefu alikuja kuchukua gari lake. Alipanda, akakanyaga zulia jipya kwa soksi, akamsifu baba. Daforoza alikuwa amesimama barabarani, akaliona gari linaondoka. Akanijia mbio, anacheka. "Limeisha! Sasa nipe."

Nilikwenda nyuma ya kibanda. Kulikuwa na mabaki ya zulia jipya, yale tuliyopunguza mlangoni. Nikachukua kipande, nikakipaka tope na majivu, nikakikanyaga, nikakikunja uchafu ukiwa nje. Mikono ilijua kazi. "Hapa ndipo penye damu, ukingoni; kwingine kumetupwa," nikamwambia. Akakipokea kwa mikono miwili kama anapokea sakramenti, akakimbia.

Asubuhi wakaja wote: Mama Daforoza, binti yake, na mtoto mgongoni. Mama alikuwa amekishika kile kipande chini ya kwapa. Baba alikuwa hajatoka nje. Mama Daforoza alikitoa, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akanitazama.

"Kwetu anayelitunza ndiye anayetupa udongo wa kwanza," akasema. "Njoo."

Sijui kama kweli ni desturi ya kwao. Nilikwenda. Kwenye pembe ya migomba ya jirani Daforoza alikuwa ameshachimba shimo, amelichonga vizuri pande zote. Mama akakiweka, akataja jina la mtoto, nami nikatupa udongo. Daforoza akanishika mkono. "Asante sana kwa kututunzia," akaniambia, mbele ya mama yake.

Alipokwenda kunawa, yule mama akainama, kama anayenikung'uta vumbi kwenye gauni.

"Mwanangu, langu lilikuwa na pindo. Nililiuma kwa meno nisipige kelele garini. Lilibaki na alama zangu." Nikafungua mdomo. "Usiseme. Huyu wangu amebeba maji siku tisa. Mwache aamini."

Haukupita muda, malori ya serikali yakaja, yakawachukua kwenda makambi ya mbali. Daforoza alinipungia mkono mpaka kona. Mama yake alikuwa anatazama mbele. Baba, alipolikosa nyuma ya kibanda, alidhani mwenyewe amelifuata; amekufa akijua nililitunza zulia.

Tukikutana wazee wa rika langu, kwenye misiba au baada ya misa, hatuna habari nyingine: watoto wa leo hawana adabu, hawasalimii, hawajui kumsaidia mtu bila kudai kitu. Enzi zetu, tunasema, mgeni alikuwa mgeni. Wenzangu wananiangalia niongeze la kwangu, maana wanajua ulimi wangu ni mkali. Najifunga kanga upya. Nasema chai imepoa.

Deusi alilitoa lile zulia la zamani shimoni baada ya ukelele wangu, akalikung'uta, akaniuliza nalitaka la nini. Nikamwambia kwanza amtafute aliyemuuzia gari, amuulize kama halihitaji. Akacheka, lakini alikwenda kuuliza. Mimi, kabla sijalichoma lile la Mbuba, sikwenda kwa mwenyewe.

Na mahali fulani yupo mtu mzima sasa, ana mvi, ana wajukuu kama mimi. Akiulizwa kwao ni wapi, atasema damu yake imefukiwa Mbuba, kwenye pembe ya migomba. Alivyoambiwa na dada yake.